Muhuri Uliochakaa na Alama Zake Katika Sarafu

Watumishi wanaosafiri mara kwa mara kwenda Dodoma kwa shughuli za Bunge na za wizara za Muungano wamekuwa wakirudi Unguja na Pemba na mambo mawili yanayohusu sarafu. La kwanza ni malalamiko, kwamba sarafu halali ya shilingi mia au mia mbili imekataliwa sokoni au ndani ya daladala kwa sababu maandishi yake yamefifia, na aliyeikataa amesema kwa sauti, mbele ya watu, kuwa ni bandia. La pili ni sarafu yenyewe ya kale, hasa hela ya Mjerumani ya mwaka 1916, iliyonunuliwa kwa mtu katika miji ya reli ya kati kwa bei isiyo na kiasi. Muuzaji huwa ameeleza kwamba herufi zake nene, au kivuli kinachoonekana pembeni mwa tarakimu, ni kosa la kiwandani lisilopatikana mara mbili.

Mambo haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni kutojua namna muhuri wa kupigia sarafu unavyochakaa na alama unazoziacha. Kutojua huko kuna gharama. Mchuuzi wa mboga anayekataliwa sarafu nne au tano kwa siku huenda amepoteza faida yote ya siku hiyo, na mtumishi anayetoa posho ya safari ili anunue kosa ambalo si kosa hurudi nyumbani mikono mitupu. Fauka ya hayo, wapo waliotupa au kuyeyusha sarafu za kweli zenye historia kubwa kwa kudhani ni za kughushi. Kwa sababu hiyo yanatolewa maelezo yafuatayo kwa watumishi na wananchi wote, hasa wahasibu, washika fedha na wenye maduka.

Muhuri na kazi yake

Muhuri wa sarafu ni kipande cha chuma cha pua kilichochongwa picha na maandishi kinyumenyume. Kile kitakachoinuka juu ya sarafu huwa kimezama ndani ya muhuri, na maneno husomeka humo kama yasomekavyo katika kioo. Mihuri huwa miwili, mmoja kwa kila upande. Kisahani cha madini kisicho na maandishi huwekwa katikati yake, ndani ya pete ya chuma inayokizuia kutanuka kupita kiasi, kisha mashine huibana mihuri hiyo kwa nguvu ya tani nyingi. Kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, madini yale magumu hutii kama udongo wa mfinyanzi chini ya kidole. Hujaza mashimo ya muhuri, na yaliyobaki husambaa kutoka katikati kuelekea ukingoni.

Uchakavu huanzia katika mwendo huo wa kusambaa. Kila pigo moja madini huupitia uso wa muhuri na kuusugua. Mtu ataweza kuuliza, vipi shaba iliyo laini ilike chuma cha pua kilicho kigumu? Jawabu lipo katika visima vyetu vya kale. Kamba ya kutekea maji ni laini na jiwe la ukingo wa kisima ni gumu, lakini kamba ikipita mahali pamoja kwa miaka, jiwe hufanya mifereji yenye kina cha kidole. Muhuri katika kiwanda cha kisasa hupiga sarafu kwa malaki kabla ya kuondolewa kazini, na kila pigo ni kamba iliyopita mara moja.

Tangu hapa inafaa msomaji ashike jambo moja ambalo wengi hulikosea. Muhuri ukilika, mashimo yake hayapungui, bali hupanuka. Kingo kali za kila herufi iliyochongwa ndani yake hulainika na kumong'onyoka, hasa upande unaoelekea ukingoni, kwa kuwa huko ndiko madini yanakokimbilia. Kwa hiyo herufi inayotoka katika muhuri uliochakaa huwa nene kuliko ya awali, imevimba, na miguu yake imevutwa kuelekea ukingo wa sarafu kama wino ulionyonywa na karatasi mbaya. Mwenye kutarajia kwamba uchakavu daima huondoa kitu na kukifanya kiwe chembamba atachanganyikiwa akiiona sarafu hiyo.

Alama zinazoonekana

Ya kwanza, na ndiyo ya kutegemewa zaidi, ni mistari ya mtiririko. Uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu baina ya picha na ukingo, huwa laini katika sarafu iliyotoka muhuri mpya. Muhuri ukichakaa, uwanja huo hufanya mistari myembamba inayotoka katikati kwenda nje kama miale ya jua, ikionekana zaidi karibu na maandishi ya duara. Haihitaji chombo kikubwa. Sarafu ishikwe karibu na dirisha wakati wa asubuhi, mwanga uipige kwa ubavu, kisha igeuzwe polepole. Miale hiyo itazunguka pamoja na mwanga. Lensi ya sonara au ya fundi saa itaionyesha waziwazi.

Alama ya pili ni ukwaru wa uwanja wenyewe, ambao hufanana na ganda la chungwa: vilima vidogo vidogo na vishimo visivyo na mpango. Ya tatu ni unene wa herufi uliokwisha kuelezwa. Ya nne ni kivuli, nacho kinahitaji maelezo yake peke yake hapo mbele. Ya tano si uchakavu hasa, bali ni mwisho wake: muhuri uliochoka hupasuka, na ufa ule huonekana juu ya sarafu kama uzi ulioinuka, mara nyingi ukiunganisha herufi moja na nyingine au ukitoka kwenye herufi hadi ukingoni. Kipande cha muhuri kikidondoka kabisa, mahali pake juu ya sarafu hubaki donge lisilo na maandishi, kwa sababu madini yamejaza pengo. Donge au uzi ulioinuka hutoka kwa muhuri. Mkwaruzo uliozama umetokea baada ya sarafu kutoka kiwandani, kwa kisu, kwa msumari au kwa mchezo wa watoto.

Ama kuhusu kutofautisha uchakavu wa muhuri na uchakavu wa matumizi, mambo huwa wazi mtu akikumbuka ni nini kinachosuguana na nini. Sarafu ikikaa mifukoni na viganjani, husuguliwa kwanza pale palipoinuka zaidi: shavu na nywele za kichwa kilichochorwa, mgongo wa mnyama. Pale hapo huwa laini, hupoteza mng'aro na kung'aa kwa namna ya kigoe cha mlango kilichoshikwashikwa. Uwanja, ambao umejificha chini, hubaki na hali yake ya asili kwa muda mrefu. Katika sarafu ya muhuri uliochakaa hali hugeuka. Uwanja na maandishi ya ukingoni ndivyo vilivyoharibika, na mng'aro wa kiwandani unaweza kuwapo juu ya sarafu yote, hata juu ya shavu, kwa maana sarafu yenyewe ni mpya kabisa ijapokuwa sura yake ni ya kikongwe.

Yapo mambo mengine mawili yanayofifisha sarafu mpya. Moja ni pigo dhaifu. Mashine isipobana sawasawa, madini hayafiki katika vina vya muhuri, na kwa hiyo sehemu zilizopaswa kuinuka zaidi hutoka bapa. Hapo juu ya shavu au bega hubaki ukwaru wa kisahani cha awali, lakini herufi za pembeni huwa kali na nyembamba kama kawaida. La pili ni grisi na vumbi la madini kuziba shimo la muhuri. Herufi moja au mbili hupotea kabisa huku jirani zake zikisomeka bila tatizo. Sarafu za Afrika Mashariki zilizopigwa chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919, ambazo Zanzibar ilianza kuzitumia mwaka 1936 baada ya kuiacha rupia, zina alama ndogo sana za viwanda, kama H na KN za viwanda vya eneo la Birmingham, SA ya Pretoria na I ya Bombay. Herufi ndogo namna hiyo ndizo zinazozibwa kwa urahisi zaidi. Mtu akiuziwa sarafu kwa madai kwamba haina alama ya kiwanda na kwa hiyo ni ya pekee, aangalie kwanza kama pale mahali pake pana uvimbe hafifu au mabaki ya mguu wa herufi. Yakiwapo, alama haikuachwa. Ilizibwa.

Hela ya Tabora

Hakuna mahali katika nchi yetu ambapo elimu hii inahitajika kama katika uwanda wa juu wa kati, kutoka Dodoma hadi Tabora, kwa kuwa huko ndiko kulikopigwa sarafu kwa mihuri ya shida katika wakati wa shida.

Sarafu za Kijerumani za awali hazikupigwa huku. Kampuni ya Kijerumani ilileta pesa za shaba kati ya mwaka 1890 na 1892, zenye maandishi ya Kiarabu na tarehe za Hijria 1307 hadi 1309, pamoja na rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua mamlaka ya sarafu, rupia ikagawanywa katika heller 100, na hapo ndipo Waswahili walipopata neno hela, ambalo limedumu kuliko utawala ulioileta. Sarafu hizo zilitoka Berlin, kwa alama ya A, na Hamburg, kwa alama ya J, katika viwanda vyenye mafundi na chuma bora.

Vita Kuu ya 1914 ilikata njia ya bahari. Fedha za chuma zilianza kuadimika, kwa kuwa wenye nazo walizificha, na noti za dharura zilizochapishwa nchini hazikuaminiwa na wakulima na wapagazi, na haikuwa ajabu. Reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilikuwa sasa ndiyo uti wa mgongo wa serikali iliyorudi nyuma kutoka pwani. Mwaka 1916 ikaanzishwa karakana ya kupiga sarafu huko Tabora kwa kutumia vifaa vya reli. Ziliwahi kupigwa heller 5 za shaba iliyochanganywa na zinki, heller 20 za shaba hiyo hiyo na nyingine za shaba nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima, ambayo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke katika Iramba, mkoa wa Singida wa leo. Zote zina herufi T. Kazi hiyo ilidumu miezi michache tu. Dodoma ilitekwa na majeshi ya Uingereza mwezi Julai 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Rupia 15 za dhahabu zilikuwa 16,198. Heller 20 zilizidi milioni moja. Msomaji azingatie uzito wa kazi hiyo: zaidi ya vipande milioni moja katika miezi ya vita, kwa mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na mihuri iliyochongwa papo hapo bila uwezekano wa kuagiza mingine. Muhuri ambao Berlin ungeondolewa kazini uliendelea kutumika Tabora. Kwa hiyo katika heller 20 za 1916 alama zote zilizotajwa hapo juu zinapatikana kwa wingi, tena mara nyingi katika kipande kimoja: herufi zilizovimba, uwanja wenye ukwaru, nyufa, ukingo usiotimia upande mmoja. Uzito nao hutofautiana kwa kiasi kikubwa baina ya kipande na kipande, hata mizani haiwezi kuwa hakimu peke yake kama ilivyo kwa sarafu za kiwandani. Hela ya Tabora iliyo safi na kamilifu kila upande inapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi zaidi kuliko ile mbovu.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapowapotosha wageni, na baadhi yao wamepotoka wenyewe. Wajuzi wa sarafu wanatambua aina kadhaa za heller 20 za Tabora. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Upande wa pili, katika neno HELLER, zipo ambazo ncha za herufi L zimepinda, zipo zenye ncha zilizochongoka, na zipo ambazo ni L ya pili peke yake iliyopinda ncha. Vivyo hivyo heller 5 zipo ambazo chini ya taji ni bapa, na nyingine pamepinda kama yai. Hizi ni tofauti za mchoro. Fundi alichonga muhuri mwingine, na mkono wake haukurudia kazi ile ile. Tofauti ya namna hiyo inaweza kubadilisha thamani ya sarafu.

Unene wa herufi ni jambo jingine. Mchoro ukiwa uleule, ncha ya L ikiwa ileile, taji likiwa lilelile, lakini herufi zikiwa nene na pembe zake zimelegea, basi muhuri ni uleule na aliyebadilika ni umri wake tu. Hapana aina mpya hapo, wala hapana kosa la nadra. Mnunuzi anayeweza kutenganisha mkono wa fundi na umri wa muhuri amekwisha kujikinga na nusu ya ulaghai wote unaofanywa katika biashara hii.

Uchakavu huo huo una faida kwa anayetafuta historia. Muhuri haujirudishi ujana wake. Kipande kisicho na ufa kilipigwa kabla ya chenye ufa mfupi, na chenye ufa mfupi kabla ya chenye ufa uliofika ukingoni, ikiwa vyote vimetoka muhuri mmoja. Kwa njia hiyo mtu mwenye vipande kumi mezani anaweza kuvipanga kwa utaratibu wa siku vilivyopigwa, hata kama daftari la karakana halipo. Wataalamu wa mambo ya kale hutumia kanuni hiyo hiyo kwa sarafu za zamani zaidi. Katika hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili zenye majina ya watawala wa pwani hii, zilizopigwa kwa nyundo na mkono. Sarafu za namna hiyo hulinganishwa muhuri kwa muhuri ili kujua zipi ni ndugu na zipi zilitangulia. Hilo haliwezekani kabisa ikiwa aliyezipata amezisugua kwanza.

Kivuli cha herufi

Kivuli ndicho kinachouzwa ghali kuliko alama nyingine zote. Sababu yake ni kwamba lipo kosa la kweli linalofanana nacho. Muhuri wenyewe hutengenezwa kwa kubanwa na muhuri mama, na zamani ulibanwa zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo baina ya mbano wa kwanza na wa pili, kila herufi hutokea mara mbili. Mfano mashuhuri ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo tarehe na maneno yake yamejirudia waziwazi, nayo hutafutwa kwa bei kubwa hadi leo. Mwaka huo huo, hata hivyo, zilitoka pia senti nyingine zenye kivuli katika tarakimu ya 5 ya mwisho, ambazo zimetokana na muhuri uliochakaa tu. Wamarekani wenyewe huziita za maskini, na thamani yake ni ndogo mno. Watu wengi walidanganyika huko pia.

Kutofautisha si kazi ngumu. Katika kosa la kweli herufi mbili huonekana zikiwa na kingo mbili zilizo wazi, na kwenye pembe za miguu yake hubaki pengo dogo lililopasuliwa kama mkia wa mbayuwayu. Katika kivuli cha uchakavu hakuna herufi ya pili. Pana mteremko uliolegea, umelala upande wa ukingoni, unaanza kwenye herufi na kupotelea katika uwanja bila mpaka, na aghalabu pembeni yake ile mistari ya mtiririko inaonekana. Mistari ikiwapo, mnunuzi na arudishe pesa zake mfukoni.

Sarafu zinazotumika sasa

Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilikuwa za shaba na michanganyiko yake: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye mwenge. Wazee wanakumbuka jinsi picha zake zilivyokuwa za wazi. Tangu miaka ya 1980, kwa sababu ya gharama, sarafu nyingi zimekuwa zikitengenezwa kwa chuma kilichovikwa madini mengine juu. Shilingi 50 yenye picha ya Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi na vifaru, na shilingi 100 yenye Mwalimu Nyerere na swala, ni chuma kilichovikwa shaba na zinki. Shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014, yenye Mzee Abeid Amani Karume na nyati, ni chuma kilichovikwa nikeli.

Chuma ni kigumu kuliko shaba, kwa hiyo hula muhuri kwa kasi zaidi. Viwanda hujitahidi kuukinga muhuri kwa kuuvika kromiamu, na michoro hufanywa ya kina kifupi ili pigo liwe jepesi. Matokeo yake ni kwamba sarafu ya leo hata ikiwa mpya huonekana bapa kuliko ya 1966, na iliyotoka karibu na mwisho wa umri wa muhuri huonekana imefifia tangu siku ya kwanza. Sarafu ya namna hiyo ni halali kwa thamani yake kamili. Mshika fedha hana sababu ya kuikataa, na kondakta naye vivyo hivyo.

Bandia nyingi za sarafu hutengenezwa kwa kumimina madini katika kalibu, hazipigwi. Kwa hiyo zina dalili ambazo muhuri uliochakaa hauwezi kuzileta: vijitundu vya hewa juu ya uwanja, herufi zilizolainika pande zote sawasawa kama sabuni iliyotumika, mshono unaozunguka ubavu wa sarafu, na kukosekana kabisa kwa miale ya mtiririko, maadamu madini ya kumiminwa hayakusambazwa kwa pigo. Sarafu ya shilingi 500 ina uzito wa gramu 9.5, na katika kisanduku kilichopo upande wa nyati maandishi hubadilika sarafu inapoinamishwa. Sarafu za shilingi 50, 100 na 500 zilizotajwa, kwa kuwa zina chuma ndani, hunaswa na sumaku. Anayetilia shaka kipande afanye majaribio hayo kabla ya kumtuhumu mwenzake hadharani, na shaka ikibaki kipande hicho kipelekwe benki au kituo cha polisi. Benki Kuu ya Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Dodoma, ina tawi lake hapa Zanzibar.

Kuhusu rupia za Mjerumani, upo uvumi wa siku nyingi, Bara na hata huku Visiwani, kwamba ndani yake mna kitu cha thamani isiyo kifani au nguvu za ajabu, na kwamba ile iliyofifia zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Watu wameuza mashamba kwa ajili hiyo. Rupia ile ni gramu 11.66 za fedha yenye usafi wa sehemu 917 katika elfu, basi. Iliyofifia imefifia ama kwa matumizi ama kwa muhuri, na namna ya kutofautisha imekwisha kuelezwa.

Mwisho, wenye sarafu za kale majumbani wanaombwa wasizisafishe kwa ndimu, ukwaju, majivu wala mchanga, kama inavyofanywa kwa sufuria na sinia za shaba. Usafi huo huondoa mistari ya mtiririko, hulainisha nyufa na kuleta mng'aro wa uongo, hata mjuzi akiletewa sarafu hiyo hawezi tena kusema kama imefifishwa na muhuri wa Tabora au na jiko la juzi. Inatosha kuiosha kwa maji safi, kuikausha kwa kitambaa laini bila ya kuisugua, na kuiweka peke yake ndani ya bahasha ya karatasi kavu, ikiandikwa juu yake mahali ilipopatikana na tarehe.